Ubao Uliopinda

Nilitoka na uzi wa katani wenye mafundo matatu:
fundo la kwanza, upana wa ukuta wangu wa Magomeni,
kati ya dirisha na swichi ya taa;
la pili, kimo cha mlango,
maana kabati lisilopita mlangoni
ni mgeni wa kulala barazani;
la tatu, fupi, urefu wa atlasi ya baba,
kitabu chake kirefu kuliko vyote.

Miaka sita vitabu vyake vimo ndani ya maboksi ya mafuta ya kula.
Nikichomoa kamusi nitafute neno,
neno linanuka chapati.

Keko walinionyesha kabati la kale lililozaliwa Jumanne.
Kijana alikuwa amelichapa kwa mnyororo,
akalipaka maji ya chai ya rangi,
akalitoboa vitundu kwa msumari.
"Dudu wa enzi za babu hao, dada."
Nikacheka. Naye akacheka.
Uongo wake ulipigwa randa vizuri, nilimpa heshima yake,
nikaenda zangu.

Gerezani palikuwa na jingine:
milango ya vioo, kitasa cha shaba, na ufunguo wake upo!
Nikafanya kama alivyonifundisha fundi Mbwilo.
Usitazame uso, uso hupakwa.
Vuta droo uitoe yote, uikague pembeni,
uone kama mbao zimeumana meno kwa meno
au zimeshikizwa kwa misumari na dua.
Gonga. Mninga hujibu kwa kifua,
plaiwudi hujibu kwa pua.
Kisha tia kichwa ndani, uvute pumzi.

Nikatia kichwa.
Bizari. Mdalasini kidogo.
Rafu zimenyooka kama mistari ya daftari jipya.
Lilikuwa kabati la vyombo, sahani na mabakuli ya pilau;
maisha yake yote halikuwahi kubeba ukurasa.

La tatu lilikuwa Upanga, ghorofa ya pili, kwa Bi Gulshan,
anayehamia kwa binti yake Mwanza
kwenye chumba kisicho na ukuta wa ziada.
Mvule, umekuwa mweusi kwa moshi wa udi.
Kioo kimoja kina ufa,
mguu mmoja umekanyaga kipande cha kigae,
na rafu ya katikati imepinda
mfano wa kitanda cha kamba kilicholaliwa na ukoo mzima.

"Hiyo nitakupunguzia," akasema, akiona macho yangu yalipo.
"Marehemu aliweka hapo vitabu vya sheria, juzuu ishirini na nane.
Kila Jumapili aliapa atavihamisha."

Nikapitisha kiganja chini ya ubao, pale ulipotuna.
Mimi, mtoto wa Kariakoo,
niliyejua kusema "mwisho ngapi?" kabla sijajua kusema shikamoo,
nikamwambia, usipunguze.
Akanitazama kama mtu aliyebisha hodi nyumba isiyo yake.

Mbwilo akaja na guta na vijana watatu.
Ngazi walizishuka kwa matusi ya taratibu,
kwa sababu ya Bi Gulshan.
Mlangoni kwangu likapita, ila rangi ya fremu ilibaki begani mwake.

"Toa ubao ule," akasema Mbwilo, "uugeuze. Mgongo juu.
Vizito vyote vipange katikati.
Uzito ulioukunja ndio utakaounyoosha."

"Kwa muda gani?"

"Kwani ulipinda kwa muda gani?"
Akahesabu pesa yake, akaondoka.

Sasa atlasi imesimama juu kabisa ya kilima,
kamusi mbili zimeikamata huku na huku.
Vyembamba havina subira, vinateleza,
na usiku, umeme ukikatika na feni ikanyamaza,
nasikia kimoja kinaanguka sakafuni, pwa.

Nakiokota asubuhi.
Nakinusa kwanza.
Bado.