Matanga Kabla ya Msiba

Jumanne ya kwanza tulikuwa wanne,
na mmoja wetu alikuwa mbwa wa Aune Lahti.
Upepo wa ziwani ulizima mishumaa yote
kabla hatujakubaliana tusimame wapi:
mbele ya posta, au ng'ambo, penye taa ya benki.
Reino alisema posta,
kwa sababu barua za jeshi hupitia hapo.
Tukasimama posta.

Kibali nilikifuata mara tatu.
Karani wa mji aliuliza: "Mnaandamana?"
Hapana, hatuendi popote.
"Mna kipaza sauti?" Hatuna.
"Sasa mnafanya nini?" Akangoja na kalamu,
maana fomu ina kisanduku, na kisanduku sharti kijazwe.
Tunakesha, nikamwambia.
Akaandika: "Mengineyo."

Tunakesha. Nani amekufa?
Ndivyo alivyouliza kijana wa kituo cha mafuta,
na swali lake nikalibeba hadi nyumbani
kama kijiwe ndani ya kiatu.
Hajafa mtu.
Huko tunakotaka kupeleka mabomu
saa hizi kuna mama anamenya vitunguu,
anamkaripia mtoto aliyeacha mlango wazi;
kuna mzee anatafuta miwani, nayo iko kichwani.
Sisi tumetangulia kukaa matanga
ya watu ambao bado wanakula chakula cha usiku.

Nilipiga simu. Orodha ya kanisa, orodha ya maktaba,
orodha ya chama cha wachimba chuma
ambayo nusu ya namba zake ni za marehemu.
Delphine Roussin alisema atakuja, ila bango hashiki.
Bwana Trevarrow alisema hatakuja ng'o,
kisha akaja na gunia la chumvi,
akaimwaga juu ya barafu pale tunaposimama,
akaondoka bila kututazama.

Aune ndiye aliyepata dawa ya upepo:
chupa za matango ya siki, thelathini na moja,
zilizokaa ghalani tangu mumewe afariki.
Mchanga kidogo, mshumaa juu ya mchanga.
Ukiuinamia mwanga, unanusa siki na kitunguu saumu.

Wiki ya tatu gari likapunguza mwendo.
"Wasaliti!" Na kikombe cha kahawa kikaruka dirishani.
Kahawa ilikuwa ya moto bado.
Reino akajifuta, akasema
angalau leo pua yake imepata joto.
Tulicheka. Delphine alicheka mpaka akalia,
na hatukumuuliza ni lini kicheko kilikwisha.

Mjukuu wa Aune yuko kambini, kichwa wameshakinyoa.
Alimpigia simu: "Bibi, kumbe unanipinga?"
"Sikupingi," akamwambia. "Nakuwahi tu."
Hayo alinisimulia tukikwangua nta kwenye chupa kwa visu,
jikoni kwake, redio imezimwa,
na hakuongeza neno.

Jumanne ya sita redio zilisema saa arubaini na nane.
Tulikuwa ishirini na sita. Nilihesabu mara mbili,
nikijua idadi haisimamishi ndege.
Chupa tano hazikuwa na mtu. Tuliziwasha hivyo hivyo,
tukazipanga ngazini.
Hakuna aliyehutubia. Theluji ilianguka polepole,
na kila chembe iliyoingia chupani ilitoa sauti,
ndogo, kama mtu anayefyonza meno usingizini.

Kibali kilisema mwisho saa tatu.
Saa tatu ikapita.
Askari aliyekaa garini akatazama saa yake,
akazima taa za gari, akabaki gizani nasi.

Ndipo yule kijana wa mafuta akavuka barabara,
bila glavu, mikono kwapani.
"Kwani," akauliza tena, safari hii taratibu,
"nani amekufa?"
"Bado," nikamwambia,
nikampa chupa moja ya ngazini, ashike,
apashe vidole.