Nyumba Sitini na Moja

Afisa kaja na rula,
kakataa hata kula:
"Kazi kwanza, si chakula,
tuigawe Micheweni."

Kazi ni ya kutembea,
wazazi kutembelea,
mtoto alolegea
kumweka kwenye mizani.

Wahudumu wetu sita
majina akayaita,
rula ikapitapita,
penseli kwa umakini.

"Nyumba sitini na moja
kila mtu, bila hoja.
Mizigo yote pamoja
imelingana mezani."

Mize Faki kanyamaza,
kidole akatuliza
buluu ilipojaza:
"Hapa unapita lini?

Nyumba zangu kumi hizi,
ng'ambo, mikoko, mizizi;
maji yakijaa, kazi
inalala nami pwani.

Riziki, zake za lami,
humaliza saa kumi;
sitini na moja, mimi
narudi nyota angani.

Tena yupo Bi Saumu,
mimba ya pacha, na hamu
ya udongo; kwake zamu
ni nyumba tatu, jamani!"

Sheha Kombo akacheka:
"Mwenzangu, huo mpaka
jiko langu umeweka
kwa Mkasi. Mi kwa nani?"

Afisa kakuna ndevu,
rula imekwisha nguvu,
kasema kwa utulivu:
"Kesho yanakupwa lini?"

Kumekucha, suruali
kakunja; tope la kweli
likameza ndala mbili,
rula ipo mkobani.

Saumu katoa kiti,
presha ikajaza chati:
nusu ya siku, thabiti,
nyumba moja hesabuni.

Mstari akaufuta.
Arubaini kapata
Mize. Riziki kateta:
"Themanini! Kisa nini?"