Wanga wa Muhogo

Walinijia kwa sababu mikono yangu hailaghai.
Miaka thelathini naviringa mikate ya jibini
hapa Cartago, nyuma ya kituo cha mabasi,
na hajatokea mteja wa kusema: huu mdogo, ule mkubwa.

Mwongozaji, Bibi Leonor, aliweka kidole gumba mezani.
"Nataka sitini na viwili. Urefu huu, unene huu.
Vyeupe, vigumu, vimekazwa kwa mpira wa glavu.
Lakini kijana akimeza kimoja kwa bahati mbaya, asidhurike."
Nikasema: wanga wa muhogo, sukari, ute wa yai.
Akasema: "Nataka ukweli mtupu."
Nikamwambia ukweli nao hukandwa, mama,
ila alikwisha inuka, simu sikioni.

Kijana hakuwa mwigizaji.
Majuma mawili nyuma alikuwa akiziba pancha njia ya Pereira,
Duván, miaka kumi na tisa, grisi ndani ya kucha.
Walimpenda kwa zile kucha.
Wakamkataza kuziosha.

Na Nubia, juu ya debe la maziwa,
mfupi, wa makamo, shali ya buluu,
alilipwa kwa siku kusema ndiyo au siyo.
Safari tatu alifika. Ya nne alishukia jela,
miaka saba ndani ya lugha asiyoijua.
Alikipima kidonge changu kiganjani. "Chepesi."
Kisha: "Chenyewe kina uzito wa mtu anayekungoja ng'ambo
na picha ya mwanao mfukoni mwake."
Nikaongeza sukari guru, nikakanda upya.

Walipiga picha jikoni mwangu,
maana jiko walilojenga lilionekana limejengwa.
Taa mbili. Juu ya meza, sahani;
juu ya sahani, vidonge; na amri moja tu:
meza.
Mara ya kwanza alimeza kama mtu anayejua anatazamwa.
"Usiigize," Leonor akasema.
Mara ya tatu. Ya tano. Kila mara akitema ndooni.
Mara ya saba kilikwama.
Macho yakamtoka, mkono ukapapasa, sahani ikaanguka,
na hakuna aliyesema kata.
Mpiga picha alisogea taratibu, kama anayevizia ndege.
Punda afe, mzigo ufike.

Nubia ndiye aliyeingia mbele ya lenzi.
Ngumi mbili mgongoni, ya tatu, kwa ujuzi,
na shali yake ikaziba picha nzima.
Friji yangu ikanguruma.
"Mpaka pale uliposimama," Leonor akanong'ona, "ilikuwa halisi."
"Kwangu mimi," Nubia akasema, "hakusimama mtu."

Usiku nikisugua masinia, Duván akaja mlangoni.
Hakuuliza habari za uigizaji.
Aliuliza Nubia alilipwa ngapi, ile safari ya kwanza.
Nikasema sijui.
Nilijua. Mji mzima unajua:
kuna nyumba za ghorofa tatu hapa, vigae hadi darini,
na mama mmoja anazifagia peke yake.
Akaanza kuhesabu kwa vidole vile vya grisi,
majuma sita ya filamu kwa safari moja,
akaacha katikati, akaniaga kwa adabu.

Asubuhi msichana wa kumbukumbu alihesabu: sitini na kimoja.
Tukatafuta chini ya jiko, ndooni, ndani ya unga.
Duván akanyoosha mkono kama yuko darasani.
"Nilikimeza. Jana usiku, hakuna aliyekuwepo.
Nilitaka kujua tu kama ningeweza."

Leonor akauliza kama anaweza kurudia, taa zikiwaka.
Mimi nilikwisha mwaga maji kwenye wanga,
naviringa cha kufidia.
Nubia aliuliza swali moja:
"Kwa maji, au kikavu?"
"Kikavu."
Akageuzia uso dirishani,
basi la Pereira lilikuwa linapakia.