Kuhesabu Vidole

Kabla sijamsalimu fundi Otiato nilimhesabu vidole.
Tisa, na kipande.
Sikukwambia, Kerubo. Wewe ulikuwa umeshasimama
mbele ya mashine ya kerezo, shingo umeinyoosha,
ukitazama chuma kikivuliwa ngozi
utepe baada ya utepe, buluu kwa moto wake.

Kariobangi Light, Jumanne, saa mbili asubuhi,
mafuta ya mashine na maandazi katika hewa moja.
Nikapewa kreti ya soda niikalie,
nikaikalia kama mtu aliyekuja kwa mambo ya posa:
Miaka mingapi?
Akikatwa, nani anampeleka hospitali?
Atafanyishwa mtihani wa serikali, au atatoka hapa
na ujuzi usio na karatasi ya kuusemea?
Na nauli?
Otiato alijibu yote isipokuwa la nauli.
Hilo alilikohoa.

Shangazi yako Moraa hataki hata kusikia.
Alama ya B, anasema, si ya kuokota vyuma.
Nami sitakuficha, kuna usiku namuunga mkono:
nakuona na koti jeupe, kalamu mfukoni,
na majirani wa Umoja wakiniamkia kwa jina lako.
Kisha naikumbuka redio,
ulivyoifumua ukiwa darasa la sita,
skrubu umezipanga kwenye kifuniko cha kopo.
Mpaka leo inashika stesheni moja tu.
Usiku ule hukulala.

Pale karakana, kijana mmoja aliharibu kazi.
Shafti ya mteja, imeliwa kupita kipimo.
Hapo ndipo nilipoacha kuuliza, nikatazama.
Otiato hakumpiga, hakumtaja mamake.
Alizima mashine, akamkabidhi kalipa.
"Pima tena. Sema kwa sauti."
Kijana akapima, akasema.
Sauti ilitetemeka; namba haikutetemeka.

Mchagua jembe si mkulima, tuliambiwa.
Basi tusiwe wakulima, wiki moja tu.
Wiki moja, nikasema, bila ahadi kwa yeyote.
Barua ya chuo bado iko kabatini,
chini ya sahani za wageni,
inangoja tarehe kumi na nne kama sisi.

Ijumaa umerudi na vumbi la chuma kwenye nyusi,
ukaweka mezani, kando ya sukuma,
nati na parafujo, kazi ya mikono yako.
Nati ikaingia, ikazunguka, ikafika katikati,
ikagoma.
Nilisubiri uniangalie. Nilikuwa na maneno tayari,
ya kukufariji, na mengine ya kukurudisha.
Hukuniangalia.
Uliinua parafujo kwenye taa, jicho moja umelifumba,
ukiitafuta hesi iliyokosea.

Nikanyoosha mkono kama anayetaka chumvi,
macho yangu yakapita juu ya mikono yako miwili,
polepole, kutoka dole gumba hadi dole gumba.
Kumi.
Ugali ukapoa. Sikukuita.