Kisu Kilichokuja na Koti

Mama alilinunua koti Kiborloni, siku ya gulio,
mwaka ule baridi ya Kibosho ilipong'ata hadi migomba.
Koti zito la sufu, la mtu mrefu kuliko ukoo wetu mzima.
Alipolitumbukiza kwenye beseni la kufulia, beseni likajibu: ngo!
Mfuko ulikuwa umetoboka, kitu kimezama kwenye bitana:
kisu cha kukunja, mpini wa pembe,
na herufi mbili zilizokwaruzwa kwa msumari.
Moja imefutika. Ya pili ni R, au P iliyochoka ikaegemea mguu.

Koti lilikwisha. Mikono ikawa dekio,
mgongo ukawa tandiko la mbwa.
Kisu nilikabidhiwa siku macho ya mama
yalipoanza kugombana na tundu la sindano.

Kila asubuhi, kabla ya chai, napapasa mfuko wa kulia.
Nisipokigusa, natembea kama niliyevaa kiatu kimoja.
Wenzangu kitaluni, pale Rau, hunitania:
"Haikaeli, mumeo yupo?"
"Yupo. Amekunja miguu, amelala."

Kazi yetu ni kubebesha miche ya parachichi.
Mkato mmoja wa mshazari kwenye shina,
wa pili kwenye kikonyo,
ngozi kwa ngozi, kisha nafunga kwa nailoni.
Kisu butu hakikati, kinatafuna,
na mche uliotafunwa hausahau.

Jumamosi jioni nakiogesha.
Njiti ya kiberiti kwenye bawaba, kutoa vumbi na nyuzi za mfukoni.
Tone la mafuta ya cherehani. Moja.
La pili huita mchanga.
Kinoo nilikiokota mtoni Karanga; nakitemea mate, Mungu anisamehe,
nanoa kwa sikio zaidi kuliko jicho:
kikisema sss, bado,
kikianza kusema hhh, kama mtu anayepuliza uji, basi.
Weusi wa utomvu wa migomba siufuti.
Huo ndio umri wake. Nani anafuta umri?

Mwezi wa tano mdogo wangu Eliapenda alikiazima,
"dakika mbili tu, dada,"
akafungulia kopo la rangi.
Ncha ikabaki kwenye mfuniko.
Alikirudisha kimekunjwa, kama mtoto anayefumba mdomo
asionekane jino lililong'oka.

Sikusema neno. Siku kumi na tisa sikusema.
Tulipishana kihambani, kila mtu akisalimia mgomba wake.
Ya ishirini akasimama mlangoni kwangu
na jani la isale mkononi,
na mbele ya jani hilo, huku kwetu, huna kinywa cha kukataa.
Nikalipokea. Nikatazama kikonyo:
kimechanikachanika, kimejaa alama.
"Umelikata na nini?"
"Na meno," akasema. "Ningekuazima nini tena?"
Nilicheka mpaka kuku wakakimbia jikoni.

Nikakisaga siku mbili, taratibu, nikitafuta ncha mpya ndani ya ile iliyovunjika.
Sasa ni kifupi, pua yake imeviringika,
kimefanana na sisi.

Kuna usiku namfikiria mwenye ile herufi.
Alipoliuza koti, au alipokufa wengine wakaliuza,
mkono wake, au wa mwanawe,
ulirudi mara ngapi kupapasa mfuko usiokuwepo?
Sina anwani yake. Hata jina sina, nina mguu mmoja wa R.
Ninachoweza ni kukausha maji kabla ya kukikunja,
na kushona mfuko wangu mara mbili.