Kitanda cha Kumi na Moja

"Kumi na moja: ini,"
nilisema, macho kwenye faili.

Daktari Aikande hakunijibu.
Alivuta stuli, akaketi,
akaifumbata stetoskopu kiganjani
mpaka baridi ya Moshi, ya Julai, iitoke.
"Shikamoo, mama. Waitwa nani?"
"Marahaba. Ndeshukurwa, wa Kibosho."
"Na zamu yako ya mfongo,
nani anakufungulia maji?"

Hapo ndipo bibi alipolia.
Siku nne nimempima damu, mkojo, presha;
sikujua ana migomba,
wala kwamba usiku hukesha
akisikilizia mvua.

Koridoni nilingoja kukemewa.
Alinirudishia faili tu:
"Andika upya."

Nilianza na jina.
Nikakosea herufi.
Nikarudi kumuuliza.