Kilo Kumi na Nne

Mizani ilisema mia nne na kumi na mbili.
Ghala likasema mia tatu tisini na nane.
Hesabu, kule mjini, ghorofa ya pili, penye zulia,
ikasema mkulima huyu alishafariki.

Naye yuko mbele yangu, dirishani, Hombolo,
karatasi mkononi, vidole vyeusi kwa maji ya zabibu.
"Ndiye mimi Sechelela," anasema. "Nihesabu."

Niliajiriwa kuunganisha mifumo.
Mkataba ulisema: izungumze. Nikaizungumzisha.
Kila saa sita usiku, watu wamelala,
mizani huliambia ghala, ghala huiambia hesabu,
hesabu hurudi kuisahihisha mizani,
na kukicha, ukweli ni wa aliyesema mwisho.
Tulionywa juu ya mafahali wawili na zizi moja.
Mimi niliwafungia watatu, nikatia komeo,
nikaandika ripoti: kazi imekamilika.

Jina lake nililikuta mara nne.
Sechelela Chidumizi. S. Chidumizi.
Secelela bila h, kwa mkono wa karani aliyeandika kama kwao.
Na Sechelela Chidumule wa Ipala, aliyezikwa Mei.
Usiku mmoja mfumo uliwaona wanafanana,
ukawamimina kama madebe mawili ndani ya pipa,
kifo kikawa cha wote.

Tukaketi kikao. Chai, karanga, feni inayolalamika.
Lubeleje wa mizani alikuja na daftari lenye vumbi:
"Mimi nilimwona yeye na punda wake.
Nilisoma namba kwa sauti, akaitikia."
Ntandu wa hesabu hakuinua macho:
"Fedha inatoka kwangu. Inapotoka fedha ndipo penye ukweli."
Chiwanga wa ghala hakusema kitu.
Alitoka, akarudi na kreti, akaitua mezani
juu ya ajenda.

Tukaongea. Tukaongea sana.
Na chini ya kreti, taratibu, doa jekundu likatanda
likafuta kipengele cha kwanza, likaelekea cha pili.

"Hizi zimekaa foleni tangu saa tatu hadi saa tisa," akasema.
"Jua la Septemba. Mlitaka namba ibaki ileile?"

Kumbe hakuna aliyedanganya.
Mizani ilisema asubuhi, ghala likasema alasiri,
na katikati yao saa sita za jua bila kivuli,
kilo kumi na nne zikanywewa na mchanga na nyuki.
Mwezi mzima tulibishana nani mkweli,
kumbe tulikuwa tukiulizana, bila kuthubutu kutamka,
hasara hii aibebe nani.

Nikasimama na chaki.
Uzito ni wa mizani, pale mkulima anaposimama
akiiona namba kwa macho yake.
Wengine wote wanakili, hawasahihishi.
Kinachopungua baadaye ni cha ghala.
Bei, Ntandu, ni yako; hata mimi siigusi.
Jina ni la mwenye nalo.
Na kifo?
"Cheti," alisema Ntandu.
"Ndugu zake," alisema Lubeleje.
Chaki ilikatika. Hapo ubaoni pako wazi mpaka leo.

"Kama upungufu ni wangu," Chiwanga akasema,
"basi nijengeeni kivuli."
Miaka minne wakulima waliomba kivuli kile.
Kabla mwezi haujaisha, bati kumi na sita zilisimama juu ya foleni.
Siku hizi tofauti ni kilo tatu, mbili, siku nyingine moja.

Sechelela alilipwa kwa mia nne na kumi na mbili.
Kabla hajasaini nilimwomba anitajie jina,
herufi kwa herufi, ili nilipeleke kote, mara moja, lisibadilike tena.
Kwa h, mama, au bila h?

Alinitazama kitambo.
"Mama yangu," akasema, "hakuniita kwa herufi."
Akalitamka. Nikaacha kuandika,
nikamwomba alitamke tena.